Kutoka na watoto Dar kwa bei nafuu: anza kwa kuangalia mwezi

Wazazi wengi wa Dar es Salaam wakipanga kutoka na watoto huuliza kwanza kiingilio ni shilingi ngapi. Sehemu nyingi nzuri za mji huu hazina kiingilio kabisa, na bado familia hurudi jioni ikiwa imeacha elfu sitini au themanini barabarani. Pesa imekwenda kwenye bajaji ya dharura kwa sababu mdogo amechoka, soda tano, maji ya chupa matano, sahani za chipsi saa 8 mchana wote wakiwa hoi kwa njaa, na ndala mpya kwa sababu pea moja imechukuliwa na maji.

Dawa yake ni kutoka mapema na kurudi mapema. Ondokeni nyumbani saa 1 asubuhi, mrudi kabla ya saa 6 mchana. Asubuhi ya Jumamosi au Jumapili daladala zina viti, jua halijawa kali, na safari inayokwisha kabla ya chakula cha mchana haina bili ya chakula cha mchana. Watoto wanarudi wamechoka vizuri, wanakula ugali wa nyumbani, wanalala.

Tuchukue mfano wa wazazi wawili na watoto watatu wa miaka 3, 6 na 9. Nauli ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilipangwa kuwa shilingi 600 Desemba 2023. Wa miaka 3 anapakatwa. Wa 6 na 9 wahesabu kwa nauli kamili, kwa sababu mtoto asiye na sare siku ya Jumamosi makonda wengi humtoza kama mtu mzima. Kubaliana na konda kabla ya kupanda, usisubiri mkiwa mmeshakaa. Watu wanne, gari mbili kwenda na mbili kurudi, ni shilingi 9,600. Weka 8,000 za chakula kilichopikwa nyumbani na 3,000 za kuwanunulia watoto kitu kimoja tu huko mwendako. Jumla haifiki 21,000. Hicho kitu kimoja usikifute. Mtoto aliyeahidiwa muhogo wa kukaanga hasumbui kwa ajili ya baluni, askrimu na miwani ya plastiki, lakini mtoto aliyeambiwa leo hakuna kununua chochote atalia mbele ya kila meza.

Sasa bahari, kwa sababu ndiyo bustani kubwa ya bure tuliyo nayo, na ndiyo inayoendewa kwa kubahatisha kuliko sehemu zote.

Bahari ya hapa ina ratiba, na ratiba hiyo imo kwenye mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa Dar tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hivi. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, yanayopanda kidogo na kushuka kidogo. Wavuvi na wachokoaji pweza wanalijua hili kama wanavyojua njia ya nyumbani, lakini sisi tuliokulia bara mara nyingi hatujaambiwa.

Jambo lenye faida zaidi kwa mzazi ni kwamba saa za bamvua hazihami ovyo. Siku za bamvua hapa Dar maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na tena jioni, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo hata bila jedwali la maji, kalenda ya Kiislamu inatosha: tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi ni bamvua, na asubuhi maji yanatoka. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu, na asubuhi yanajaa, kilele kikiwa kati ya saa 3 na saa 5. Tarehe 4 na 5 au 18 na 19 maji hupwa saa 6 au 7 mchana, jua likiwa utosini. Hizo siku waache watoto nyumbani.

Bamvua ni siku ya kutembea mwambani. Maji mafu ni siku ya kuogelea. Watu wengi hufanya kinyume, wanafika Coco Beach saa 4 asubuhi ya bamvua wakiwa na maboya na nguo za kuogelea, wanakuta mawe matupu na madimbwi, wanakaa wakisubiri maji mpaka jua linawachoma. Au wanakuja saa 10 jioni ya bamvua, wanakuta mchanga wote umemezwa na hakuna pa kutandika mkeka.

Kwa matembezi ya mwambani fikeni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, yaani saa 2:30 au saa 3 asubuhi siku za bamvua. Fuateni maji yanavyotoka. Saa ya kupwa ikifika, geukeni. Msingoje kuona mawimbi yakirudi, kwa sababu maji yanayojaa huwa hayaji usoni kwenu tu. Hupita kwanza kwenye mifereji ya chini, nyuma yenu, na sehemu mliyovuka ikiwa kavu inakuwa kiunoni kwa mtu mzima mkiwa bado mnatazama kaa. Weka kengele ya simu ilie dakika 15 kabla ya saa hiyo.

Vaeni raba kuukuu za kufunga kamba. Ndala hubaki matopeni na yeboyebo huvuka mguu ukikanyaga dimbwi. Bebeni ndoo ndogo ya plastiki nyeupe, maana kwenye nyeupe ndipo mtoto anapoona vizuri kamba mdogo, kaa na samaki wa urefu wa kucha. Jaza maji ya bahari, weka mnyama kwa dakika tano, mtazame, mrudishe palepale mlipomtoa. Maji machache kwenye ndoo hupata moto haraka sana na mnyama hufa mikononi mwa mtoto, na hiyo inaharibu siku nzima. Jiwe likigeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, kwa sababu waliokuwa chini yake hufa kwa jua.

Mtoto anaweza kumgusa kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, akiwa ndani ya maji, na jongoo bahari kwa kidole kimoja. Asiguse kabisa kile chenye miiba mirefu myeusi kama ya nungunungu. Na asiokote konokono yeyote wa bahari ambaye bado yumo ndani ya gamba lake, hasa gamba la umbo la koni lenye madoa mazuri. Baadhi ya hao wana sindano ya sumu inayoweza kuua mtu, na uzuri wa gamba ndio unaomvuta mtoto. Kanuni ya kumfundisha ni fupi: kitazame, usikishike mpaka mkubwa aseme.

Akichomwa na miiba, ondoa kwa uangalifu ile inayojitokeza, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, uyajaribu kwanza kwa mkono wako mwenyewe. Usiponde iliyobaki ndani kwa jiwe kama wengine wanavyofanya, maana inavunjika vipande zaidi. Akiguswa na konyeza, yule mnyama laini kama jeli anayewasha, suuza kwa maji ya bahari, usisugue na mchanga wala usimwagie maji baridi ya bomba, kwa sababu huamsha sumu iliyobaki juu ya ngozi. Akianza kupumua kwa shida au kutapika, hapo matembezi yamekwisha, nendeni hospitali.

Siku ya maji mafu asubuhi maji yamejaa kiasi na mkondo wake ni dhaifu kuliko wa bamvua, ndiyo maana nasema ni siku ya kuogelea. Aliye chini ya miaka 6 asipite magotini mwake, na mkubwa awe karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kumshika. Kukaa ufukweni ukimtazama kutoka mbali hakutoshi, kwani mtoto anayezama hapigi kelele. Tairi za kuogelea zinazokodishwa ufukweni siziamini hata kidogo: upepo ukivuma kutoka nchi kavu, au maji yakiwa yanatoka, tairi huenda nayo na mtoto juu yake. Kama lazima atumie, lifungwe kamba ya mita 3 na mwisho wa kamba uwe mkononi mwa mtu mzima aliyesimama ndani ya maji.

Wakati wa masika, mvua kubwa ikinyesha, acheni bahari iliyo karibu na midomo ya mito kwa siku mbili tatu. Mto Msimbazi huleta taka za mji mzima.

Chakula kipikwe usiku. Wali wa nazi na chochote chenye nyama kwenye kapu lililofungwa huharibika haraka kwa joto letu, na mtoto anayeumwa tumbo kwenye daladala ni mtihani. Yanayosafiri vizuri ni mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, viazi vitamu, ndizi mbivu ambazo hazijalainika sana, karanga, na maandazi. Kwa watu watano: unga wa ngano nusu kilo, sukari vijiko 4 vya chakula, hamira kijiko 1 cha chai, iliki punje 5 zilizotwangwa, chumvi kidogo, na tui zito vuguvugu kikombe kimoja cha mililita 250. Mimina tui kidogo kidogo, kanda dakika 10, funika kwa saa moja au zaidi mpaka donge liwe mara mbili. Gawa madonge manne, sukuma kila moja unene wa sentimita 1, kata vipande vinne, acha dakika 15, kaanga. Yakiwa meusi nje na mabichi ndani, mafuta yalikuwa ya moto mno. Yakikataa kuvimba, umesukuma membamba au hukuyaacha kupumzika baada ya kukata. Yaache yapoe kabisa kabla ya kufunga kifuniko, la sivyo mvuke utayalowesha na asubuhi utakuta yanateleza.

Maji kadiria nusu lita kwa kila mtoto kwa kila saa mbili za juani. Jaza chupa mbili za lita moja na nusu hadi robo tatu tu, kwa sababu barafu huongezeka na chupa iliyojaa hupasuka. Gandisha usiku kucha, asubuhi zifunge kwenye kanga, uweke na chupa nyingine za maji ya kawaida. Hadi saa 5 bado mna maji baridi, na kanga mnayo ya kujifutia.

Kama watoto wenu bado wanaogopa maji, wapeleke wakapande pantoni. Nauli ya mtu mzima ya kivuko cha serikali kati ya Magogoni na Kigamboni kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, na sidhani kama kuna burudani ya bei hiyo popote mjini. Safari yenyewe ni ya dakika chache, lakini mlango wa bandari ni mwembamba, na meli kubwa ikipita mtoto anaiona kama ghorofa linalotembea. Nendeni Jumapili asubuhi. Siku za kazi asubuhi na jioni msongamano ni mkubwa na mtoto hukanyagwa. Geti likifunguliwa, acheni wimbi la kwanza la watu lipite ndipo mtembee, kila mkubwa na mtoto mkononi, mbali na magari yanayoshuka. Kabla ya kuvuka pitieni soko la samaki la Feri, palepale jirani, mkaone mnada: changu, kolekole, jodari, pweza. Sakafu huwa na utelezi, zile raba zitafaa tena. Mkifika ng'ambo, kuleni maandazi yenu, mvuke kurudi. Kuendelea hadi fukwe za Mjimwema kunaongeza bajaji, na fukwe za hoteli zina masharti yake ya kiingilio na chakula, kwa hiyo ulizeni bei langoni kabla ya kumlipa dereva.

Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa Machi 2022, lina njia ya waenda kwa miguu na urefu wa zaidi kidogo ya kilomita 1. Hakuna kivuli hata cha mti mmoja. Ni la saa 11 jioni tu, na kofia ifungwe kamba. Kwenda na kurudi ni kilomita 2, mtoto wa miaka 4 utambeba sehemu ya kurudi.

Kuna pia makumbusho mawili, na ya kwanza yanafaa hata mvua ikiharibu mipango ya nje. Beba kitambulisho, kwa sababu bei ya Mtanzania iko mbali sana na bei ya mgeni. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yapo tangu 1940, na humo mna habari za Zinjanthropus, yule ambaye fuvu lake Mary Leakey alilikuta Olduvai Julai 1959, la miaka takribani milioni 1.75. Mtoto hachoshwi na makumbusho, anachoshwa na kusomewa maandishi. Mpe kazi tatu kabla hamjaingia: tafuta jino kubwa kuliko yote, tafuta kitu ambacho bibi anacho nyumbani, chagua kitu kimoja ukichore. Penseli na daftari la shilingi mia tano. Dakika 90 zinatosha, mkizidisha wanaanza kukimbia.

Kwa watoto wadogo naona Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, kinafaa zaidi. Kiko nje, nyumba za makabila zimejengwa kwa ukubwa wake halisi na wanaweza kuinama na kuingia. Waambie wafananishe msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo: moja ni nyasi kutoka juu mpaka chini, jingine paa lake ni tambarare na lina udongo juu. Halafu waulize, wapi kunanyesha zaidi? Watajibu wenyewe, bila mwalimu.

Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, nimeiweka kwenye orodha ya bei nafuu kwa sharti moja, msiende Morogoro. Kwa nauli zilizotangazwa 2024, Dar hadi Morogoro ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima wa daraja la kawaida, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Familia yetu ya mfano ingelipa 78,000 kwenda na kurudi kabla ya kununua hata karanga. Lakini hadi Soga, kituo kidogo cha njiani, ni 4,000, na hadi Pugu ni 1,000. Mtoto anachotaka ni kupanda treni ya umeme, kuona mji ukiishia dirishani na kusikia tangazo la kituo, na hayo yote yapo ndani ya safari fupi. Hadi Soga na kurudi, familia hiyohiyo inalipa 24,000. Kosa linalowakuta wengi ni kukata tiketi ya kwenda bila kuangalia ya kurudi, kwani si kila treni husimama vituo vidogo. Tafuta kwanza treni ya kurudi, ikate, ndipo ukate ya kwenda. Fikeni mapema kwa ajili ya ukaguzi, na tiketi ziwe na majina sahihi.

Na kuna Jumamosi ambazo hata nauli haipo. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma, huo ni msimu wa tiara, yaani vishada. Chelewa (vijiti vya ukuti wa mnazi) mbili ndefu zifungwe pamoja kwa uzi ziwe uti wa mgongo wa sentimita 45. Chelewa moja ya sentimita 40 ipite kwa upana, sentimita 12 kutoka juu. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne ziwe fremu, bandika ukurasa wa gazeti kwa gundi ya unga: vijiko 2 vya unga wa ngano na robo kikombe ya maji, koroga motoni mpaka iwe kama uji mzito. Ikauke kabisa, kwa sababu gundi mbichi ni uzito. Funga uzi wa hatamu kwenye makutano ya chelewa na sentimita 10 kutoka chini, uache ulegee, kisha uzi mrefu uufunge kwenye hatamu, mkabala na makutano. Mkia uwe vipande vya kitambaa, mita moja na nusu.

Ikikataa kupanda na kusukumwa tumbo mbele, sogeza fundo la hatamu juu kidogo, upana wa kidole. Ikielea bila kuvuta uzi, lishushe. Ikizunguka kama pia na kupiga kichwa chini, ongeza mkia nusu mita. Rusheni ufukweni au uwanjani, mbali kabisa na nyaya za umeme, na ikinasa huko juu mkate uzi muiache.